Dijitalisi na Jamaa Zake katika Bustani za Malindi na Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila masika yakikaribia, maswali ni yaleyale. Mtu ameona picha ya bustani ya Uingereza, au shemeji yake amerudi safari na pakiti ya mbegu, na sasa anataka maua yale marefu yenye vikombe yasimame mbele ya baraza lake hapa Malindi. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu wa pwani: anayepanda kwenye mchanga, anayemwagilia maji ya kisima, na ambaye jua lake halina huruma. Wa Limuru, kule kwenye baridi ya milimani, atanisamehe, kwake mambo ni mepesi.

Dijitalisi ni ua gani hasa?

Ni lile lenye bua moja refu, na vikombe vinavyoning'inia upande mmoja kama kengele zilizopangwa kwa ngazi. Kwenye pakiti utaliona limeandikwa Digitalis purpurea. Kwao ni Ulaya ya magharibi, kando ya misitu na mahali miti ilipokatwa. Mwaka wa kwanza hutoa majani tu, yamekaa duara juu ya ardhi. Mwaka wa pili bua hupanda, mita 1 hadi 2, likachanua, likazaa mbegu, kisha mmea ukafa.

Jina lilitolewa mwaka 1542 na Leonhart Fuchs, daktari wa Kijerumani. Kwa lugha yake ua hilo liliitwa Fingerhut, yaani subana, ile kofia ya chuma anayovaa mshonaji kidoleni, naye akaligeuza kwa Kilatini kutokana na neno digitus, kidole. Ukilishika ua moja ukalitazama mdomoni utaona limepakwa madoa meusi yaliyozungushiwa weupe, yanashuka hadi kooni. Hiyo ndiyo njia ya nyuki. Maua ya chini hufunguka kwanza na ndiyo yenye asali nyingi, kwa hiyo nyuki hutua chini akapanda juu ngazi kwa ngazi. Kule juu anakutana na maua machanga yanayotoa chavua, anaondoka nayo, na kwenye bua la pili anaanza tena chini, kwenye maua makubwa yaliyo tayari kupokea. Mimi hili hulisimulia kila mtu anayenisikiliza.

Nimeletewa mbegu. Zitaota Malindi?

Kuota, zitaota. Kuchanua ndiko kwenye kazi.

Dijitalisi ya kawaida haiwezi kutoa bua mpaka yale majani ya mwaka wa kwanza yapitiwe na majuma mengi ya baridi kali. Baridi hiyo ndiyo inayouambia mmea kwamba mwaka umegeuka. Sasa fikiria Malindi. Hata mwezi wa Julai, kusi ikivuma na watu wakitoa masweta, usiku wetu kwa kawaida haushuki chini ya nyuzi 20. Mmea unangoja habari isiyofika. Unakaa majani tu, unachoka, unaoza.

La pili ni udongo. Dijitalisi hupenda udongo wenye uchachu kidogo na unyevu usiokauka. Ardhi yetu imetokana na matumbawe, imejaa chokaa, na maji yanapita kama kwenye chujio. La tatu ni maji yenyewe, nitayafikia.

Mimi nilijaribu. Nilisia mbegu mwezi wa Januari, kaskazi imekolea, kwenye trei kivulini nyuma ya jiko. Ziliota vizuri ajabu, nikahesabu miche arobaini na kitu, nikatangaza kwa majirani. Wiki ya tatu nikaamka nikakuta miche ya upande mmoja imelala. Shingo zake, pale bua linapotoka udongoni, zimekuwa nyembamba kama uzi na nyeusi. Ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche. Siku nne baadaye trei ilikuwa tupu. Joto na unyevu kwa pamoja, na mimi nikimwagilia kutwa mara mbili kwa mapenzi.

Kwa hiyo hakuna njia kabisa?

Ipo moja, nyembamba. Zipo aina zilizochaguliwa zichanue mwaka uleule bila kungoja baridi: Foxy, Camelot na Dalmatian ndizo zinazojulikana. Ukipata hizo, sia mwanzoni mwa Aprili, mvua zikikaribia na joto likianza kupungua. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi la ugoro, na zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo usizifukie. Zinyunyize juu ya udongo uliochujwa, zibonyeze kwa kiganja, kisha iweke trei ndani ya beseni lenye maji kidogo ili unyevu upande kutoka chini. Majuma mawili hadi matatu utaona kijani.

Miche iache ipumue. Weka mahali penye upepo, kivuli cha makuti yaliyoachana, jua la asubuhi tu. Hesabu miezi minne mpaka mitano, maua yakukute Agosti au Septemba, kabla joto halijarudi. Yatakuwa mafupi kuliko ya kwenye picha na hayatadumu. Kaskazi ikiingia, mmea umekwisha. Kama unayapenda kwa dhati, panda sita kwenye vyungu ufurahie majuma yako matatu. Ila bustani nzima usiijenge juu yake.

Ni jamaa gani wa dijitalisi wanaostahimili joto letu?

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kitako.

Wataalamu wa mimea zamani waliiweka dijitalisi katika ukoo wa Scrophulariaceae. Uchunguzi wa vinasaba ulipokuja, ukoo ule ukavunjwa na dijitalisi ikahamishiwa Plantaginaceae. Ndani ya ukoo huo wamo wengine waliozaliwa kwenye joto la Meksiko na visiwa vya Karibi, na hao Malindi ni kama nyumbani.

Wa kwanza ni angelonia. Ukitaka umbo la dijitalisi kwa kimo cha goti, chukua huyu: bua lililosimama, maua yanayofunguka kuanzia chini kwenda juu, ya zambarau, waridi, meupe au yenye michirizi. Hana kikombe kirefu. Ua lake limefunguka kama mdomo, na ndani kuna kifuko kidogo. Majani ukiyavunja yananukia kidogo kama tunda lililoiva. Anataka jua kwa muda wa saa sita kwa siku au zaidi, na akishashika mizizi anavumilia kiu. Vitalu vya kando ya barabara huwa navyo mara nyingi, ingawa muuzaji huenda asilijue jina, basi nenda na picha. Ukishapata mche mmoja hununui tena. Kata kichwa cha tawi kisicho na ua, urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga mchanganyiko na vumbi la makumbi, weka kivulini. Baada ya wiki mbili ukilivuta kidogo linakataa kutoka. Ukiona mmea umerefuka na kuchakaa, ukate theluthi moja, maua yatarudi.

Wa pili ni russelia, ambaye kwangu jina lake ni fataki. Umemwona kwenye kuta za mahoteli bila kumjua: mashina membamba ya kijani kama nywele yanamwagika kutoka ukutani, yamejaa mirija myekundu ya maua. Majani yake yamekuwa magamba madogo tu, na shina lenyewe ndilo linalofanya kazi ya jani, ndiyo maana ukame haumtishi. Upepo wa bahari anauvumilia, mchanga anauvumilia. Tawi likigusa ardhi linatoa mizizi lenyewe, unakata, unahamisha. Na ndege chozi anampenda kuliko kitu chochote uani kwangu. Saa kumi na mbili unusu asubuhi utamwona amening'inia kichwa chini, kifua kinameta, mdomo wote umezama kwenye mrija. Kama una nafasi ya mmea mmoja tu, panda huyu.

Yupo pia bakopa, Bacopa monnieri, mnyonge anayetambaa mahali penye maji yaliyotuama, hata ya chumvichumvi, na viua vyake vyeupe. Anafaa chini ya bomba linalovuja.

Antirinamu, lile ua ambalo watoto hulibana mashavuni likafungua kinywa, ni jamaa wa karibu pia, ila linapenda ubaridi. Lijaribu kwa miche ya Juni na ulihesabu kuwa la msimu.

Mbona maua ya simsim yanafanana sana na dijitalisi?

Swali hili huniletea furaha kila likija. Yanafanana kwa sababu ni jamaa, ingawa wa mbali. Simsim, au ufuta, ni wa ukoo wa Pedaliaceae, lakini koo zote mbili ziko ndani ya kabila moja kubwa la mimea, Lamiales.

Na kabila hilo, ukianza kulihesabu, utakuta limekujaa nyumbani. Rehani imo. Asumini imo. Kwa hiyo ukifunga kikuba cha rehani na asumini, umeshika jamaa wawili wa dijitalisi mkononi, wenye harufu nzuri kuliko yeye. Msaji, ule uliochongewa milango, umo. Hata mchu, ule mkoko unaotoa vijiti vya mizizi matopeni pale Lamu, umo. Watu wanadhani dijitalisi ni mgeni kabisa, kumbe ukoo wake umetuzunguka tangu zamani.

Rudi kwenye simsim. Panda mstari mmoja ukutani uone. Mmea unasimama wima hadi kimo cha kifua au zaidi. Baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa vikombe vinaanza kutoka kwenye makwapa ya majani, vyeupe vilivyotiwa waridi, vina manyoya laini nje na mdomo wa chini umetokeza mbele kidogo, kiti cha nyuki. Ua hufunguka alfajiri. Alasiri ukipita utakuta limeshaanguka zima, limelala chini halijanyauka, na kesho jingine juu yake limefunguka. Yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa boriti hujipenyeza humo mpaka unamwona nyuma tu.

Kwa Lamu na Malindi simsim si pambo geni. Ndiyo iliyotoa mafuta ya uto, na Lamu zamani ngamia alizungushwa kinuni kuyakamua. Bibi zetu walilima ua hili kwa tumbo. Wewe unaweza kulilima kwa macho na tumbo pia, na mtoto akiliweka mdomoni hutakimbia hospitali.

Ni kweli dijitalisi ni sumu? Nasikia pia ni dawa ya moyo.

Vyote viwili ni kweli, na ndiyo maana nataka usome jibu hili polepole.

Mwaka 1785 daktari Mwingereza, William Withering, alitangaza matokeo ya kuwatibu kwa majani ya dijitalisi wagonjwa waliovimba miili. Mwaka 1930 dawa ya digoksini ilitengwa kutoka kwa ndugu yake, Digitalis lanata, na mpaka leo madaktari huiandika kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Lakini kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua pana nafasi ndogo mno. Hospitali huipima kwa sehemu za milligramu. Jani la bustanini halina kipimo. Moja ni kali, jingine hafifu. Usichemshe, usikaushe, usimpe mtu. Mmea mzima ni sumu, mbegu na majani yote, na kukauka hakuondoi sumu.

Dalili ni kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, macho kuona ukungu au umanjano, na mapigo ya moyo kwenda ovyo au polepole. Ukiona hivyo usingoje, usimpe maziwa ukakaa kutazama. Mpeleke hospitali na ubebe tawi la mmea alioula.

Je, jamaa zake nao ni sumu?

Angelonia na russelia hazijulikani kuwa na sumu hii, na simsim tunaila. Wa kuogopwa hapa pwani ni mimea ambayo si jamaa ya dijitalisi hata kidogo, lakini ina sumu ya aina ileile inayoshika moyo. Oleanda, ile ya maua ya waridi na meupe iliyopandwa kwenye mageti mengi. Thevetia, yenye kengele za manjano na kokwa la pembetatu ambalo watoto hulichezea. Na msunguti wa msituni, ambao wawindaji wa Kiwaata na wa Kigiriama waliuchemsha kupaka mishale.

Inanisikitisha kuona mtu anaiogopa dijitalisi asiyoweza kuipanda, na huku watoto wake wanachezea kokwa za thevetia mlangoni. Kama nyumba yako ina watoto wadogo, ing'oe. Usiichome, moshi wake nao si salama; fukia.

Nina mbuzi, na jirani ana punda. Nichukue tahadhari gani?

Matawi uliyoyakata ya oleanda au dijitalisi usiyatupe kichochoroni. Lamu punda anazunguka apendavyo, na anaonja kila kilichotupwa. Tawi bichi ni chungu, pengine atalikwepa, lakini likishanyauka uchungu hupungua na sumu ikabaki. Punda mmoja ni kipato cha nyumba nzima. Chimba shimo.

Maji ya kisima changu yana chumvi. Nifanye nini?

Kwanza yatambue. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, na ncha za majani zimeungua kama zilizopitiwa na pasi, ni chumvi hiyo. Dijitalisi haitavumilia. Angelonia itavumilia kiasi. Russelia utaiona haijali.

Maji ya mvua ya masika yakinge yote unayoweza, pipa, madebe, tangi, na uyaweke kwa ajili ya miche. Mimea mikubwa ipe ya kisima, lakini mwagilia kwa nadra na kwa wingi, mpaka maji yatoke chini ya chungu. Ukimwagilia kidogokidogo kila jioni, maji yanakauka juu na chumvi inabaki palepale kwenye mizizi. Mara mbili kwa mwezi suuza chungu kwa maji matamu ukiyapata. Funika udongo kwa makumbi yaliyopasuliwa, jua lisiunyonye. Lamu, ambako maji matamu ya mji yanategemea mchanga wa Shela, kila tone lina hesabu yake, kwa hiyo maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe.

Naishi Lamu mjini, sina shamba. Nina kiwanda cha ndani tu, ule ua ulio wazi katikati ya nyumba.

Kiwanda ni mahali pazuri kuliko unavyodhani. Kuta ndefu zinakupa kivuli cha mchana na kukukinga na upepo wa chumvi, na jua hupita kwa saa chache. Fuatilia linapoanguka kwa siku moja nzima, ukiweka alama ya chaki sakafuni kila saa. Pale linapokaa kwa muda mrefu weka angelonia. Juu ya ukuta au ngazini weka russelia imwagike. Na kama kuna mahali pamoja hapa pwani ambapo ningethubutu kujaribu zile dijitalisi za mwaka mmoja, ni pembe ya kiwanda cha Lamu mwezi wa Julai, karibu na birika la maji lililojengewa.

Vyungu vya udongo ni bora kuliko ndoo za plastiki, vinatoa jasho na mizizi inapoa.

Mbolea gani?

Samadi ya punda, iliyokaa miezi mitatu au minne mpaka isinuke na ipondeke mkononi. Ikiwa mbichi inaunguza, na huja na mbegu za nyasi. Sehemu moja ya samadi, moja ya vumbi la makumbi, mbili za mchanga usio wa ufukweni. Mmea ukizidishiwa mbolea unatoa majani na kusahau maua.

Miche yangu inaliwa usiku. Ni nani?

Koa. Konokono mkubwa wa Afrika, anayesumbua nusu ya dunia, kwao ni hapa pwani yetu. Mvua ikinyesha, toka na tochi saa mbili usiku, umwokote kwa mkono uliovaa mfuko. Kupaka chumvi kuzunguka mche kunamwua koa na mche pia, usifanye.

Vidukari na vidung'ata kwenye ncha za angelonia, pondaponda majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Ukiona vumbi la utando chini ya majani wakati wa kaskazi, ni utitiri, na maji yaliyorushwa kwa nguvu chini ya jani yanatosha kuwaangusha.

Naweza kuagiza mbegu au miche kutoka nje?

Kisheria unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali la Kenya linalokagua afya ya mimea, kabla haijasafirishwa, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Mbegu zilizofichwa kwenye begi la nguo zinaweza kuleta ugonjwa ambao hatukuwa nao. Mwambie shemeji aulize kwanza.

Nitahifadhi vipi mbegu za simsim za mwakani?

Usingoje zikauke shambani. Vitumba vya simsim hupasuka vyenyewe kuanzia chini, na ukichelewa siku tatu mbegu zote ziko mchangani, wanakula sisimizi. Majani ya chini yakigeuka manjano na vitumba vya chini vikianza kufifia, kata bua zima asubuhi na mapema likiwa na umande. Fungeni mabua kwa mafungu, myasimamishe wima juani, vichwa juu, na chini mtandike mkeka. Baada ya wiki moja mbili geuza fungu kichwa chini, lipige kidogo kwa kiganja. Mbegu zinamiminika zenyewe. Weka chupani kiganja kimoja cha zile zilizotoka kwenye bua lililochanua kwa wingi, zilizobaki peleka jikoni.